Mablanketi ya Roketi na Sabuni ya Mama

Jumamosi, 29 Juni
Kombaini imetoka shambani saa nane mchana, ngano yote imo ghalani. Virgil ameingia jikoni na vumbi mpaka kwenye nyusi, akanywa bilauri tatu za chai ya barafu bila kupumua, na badala ya kumshukuru Mungu kwa mavuno akasema, "Lorena, Jumamosi ijayo tunarusha." Kaka yangu ana miaka sitini na sita.

Msimu wa roketi ni huu: huanza mabua yakibaki matupu na huisha Oktoba, trekta zinaporudi kupanda. Klabu ina watu ishirini na wawili. Virgil ndiye msimamizi wa usalama, shamba ni letu sote wawili, na mimi ni dobi. Sikuchaguliwa na mtu. Mwaka juzi waliniachia mablanketi yao jikoni yakinuka mayai viza, nikayaosha kwa hasira, na tangu siku hiyo kila mmoja ananiita "Dada Lorena" kwa sauti tamu.

Jumatatu, 1 Julai
Nimekata miche ya sabuni ya mwaka jana. Mafuta ya nguruwe, magadi makali, maji, basi. Ni sabuni ya Mama, na kabla yake ya mama yake. Imekauka vizuri. Upepo siku nzima.

Jumamosi, 6 Julai
Roketi thelathini na moja, zote zimerudi salama. Nimebaki na mablanketi kumi na moja kwenye ndoo, meusi kama masufuria ya kambini.

Blanketi ni mraba wa kitambaa cha wazima moto, hakuna zaidi. Roketi ikifika juu kabisa, baruti kidogo hulipuka tumboni mwake na kulisukuma parachuti nje. Blanketi ndilo linalokaa kati ya moto na parachuti. Likishindwa, parachuti linayeyuka na roketi inarudi kwa kasi ile ile iliyopandia, kichwa chini. Virgil amenieleza haya mara mia, kila mara kana kwamba ni habari mpya.

Conrad Ediger ndiye aliyepiga kelele kuliko wote, kama kawaida yake. Anauza matairi ya trekta mjini na anazungumza na watu kana kwamba wote wako ndani ya trekta. Roketi yake ina urefu wa kumshinda Virgil, na ameipa jina la mama mkwe wake, Hulda. "Kwa sababu hupanda kwa kelele," anasema, "na hushuka pale anapotaka yeye." Oktoba watakuja watahini wawili kumpima kwa cheti cha daraja la tatu, kile kikubwa kabisa. Amekingojea miaka sita na hakuna siku amesahau kutuambia.

Tressa Unruh, mpeleka barua, amesahau tena kuniachia blanketi lake. Limebaki kwenye gari lake chini ya viatu.

Jumatatu, 8 Julai
Tangi la maji ya mvua limekauka. Nimeligonga, limelia kama ngoma. Haijanyesha tangu Mei.

Jumanne, 9 Julai
Nimeosha kwa maji ya kisima. Sabuni imegoma kutoa povu, nikaipaka nene na kusugua mara tatu, kama Mama alivyofundisha: povu likikataa, ongeza sabuni na uache kulalamika. Nimeyaanika ndani ya banda la trekta, milango yote miwili wazi upepo upite, maana jua hula kitambaa hiki. Yamekauka upesi lakini yamekuwa magumu kidogo, na yana weupe kwenye mishono. Nimeyakung'uta.

Jumatano, 17 Julai
Joto. Hakuna mvua. Nimefunga maharagwe kwenye chupa, ishirini na nne.

Ijumaa, 26 Julai
Joto. Virgil anaogopa mabua yasishike moto. Amejaza maji tangi la kunyunyizia na kuliegesha shambani, na magunia kumi na mawili yaliyolowa.

Jumamosi, 3 Agosti
Nataka kuandika kabla sijaanza kukumbuka vibaya.

Hulda alirushwa saa tano kasorobo. Alipanda vizuri hata nikapiga makofi. Kule juu tukaona moshi mdogo, kisha sauti ikafika: pu. Tukasubiri parachuti. Kilichotoka ni kitu kama soksi kuukuu, kimekunjamana, kinafuka. Virgil akapaza sauti kwenye kipaza sauti, "Tazameni juu! Tazameni juu! Kimbieni mkono wa kulia!" Kuna filimbi fulani ambayo kitu kizito hupiga kikishuka. Sijawahi kuisikia kabla na sitaki tena. Hulda amejikita ardhini hatua arobaini kutoka mezani nilipokuwa nikikata mkate.

Halafu moto. Kipande cha blanketi kilidondoka peke yake, kinawaka ukingoni, na mabua yakashika. Watu wote walikimbia na magunia. Conrad alikuwa wa kwanza, anapiga moto kwa kofia yake akilia, nimemwona kwa macho yangu. Umeungua uwanja wa ukubwa wa kanisa. Ungeruka barabara, tungelikuwa tunaandika barua za rambirambi.

Walipouzima, Virgil akasema mbele ya wote, "Umezidisha baruti, Conrad."

"Nimepima gramu nne! Nne, Virgil! Siyo nne na ushee, siyo takriban!"

"Basi umeisoma mizani vibaya."

"Nimeisoma mizani miaka kumi na tano!"

"Na leo umekaribia kumwua dada yangu akiwa na kisu cha mkate mkononi. Hurushi tena msimu huu. Na watahini wa Oktoba nitawaandikia wasije."

Conrad akanitazama. Nilidhani ataomba radhi. Akasema tu, "Dada Lorena, nilipima," kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo. Nilimgeuzia mgongo. Nilikuwa nimekasirika, na niandike ukweli: niliona raha kidogo kwamba mpiga kelele ameshikwa.

Jumapili, 4 Agosti
Kanisani Conrad alikaa mstari wa mwisho, akaondoka kabla ya kahawa. Walio mezani walikuwa na maneno. Mimi pia nilikuwa nayo.

Jumanne, 6 Agosti
Virgil amelileta blanketi la Conrad, masalia yake, nilitupe. Sikulitupa. Nimelinusa. Baruti inanuka mayai viza, kila mtu anajua. Hili linanuka jiko, kama kikaango kilichosahauliwa motoni.

Sasa kwa nini?

Jumatano, 7 Agosti
Nimeosha mengine ya Jumamosi. Matatu yana vitundu vya kahawia. Mwaka jana mwaka mzima sikuona kitundu hata kimoja.

Jumamosi, 10 Agosti
Upepo. Nimemuuliza Virgil kama mtu anaweza kuzidisha baruti na blanketi lisipasuke mshono. Akasema, "Lorena, wewe osha." Nimeosha, lakini si kwa sababu nimekubali.

Jumapili, 18 Agosti
Tressa amekuja kula verenika, vile vifurushi vya unga vyenye jibini, baada ya ibada, na hatimaye kaleta blanketi lake. Limejaa masizi ya Agosti juu ya masizi ya Julai, na alama ya kiatu.

"Usinitazame hivyo, Dada. Najua ni aibu."

"Umelirushia miezi yote miwili bila kuosha?"

"Nimeungama, nifanyeje tena, nipige magoti kwenye mchuzi?"

Nimelikunjua mezani, Virgil akaguna kwa sababu ya chakula. Chafu kupindukia, na zima. Hakuna kitundu. Nimeinua kiberiti cha mshumaa nikaogopa kuwasha mbele yao. Mablanketi kumi na moja niliyoosha, manne yameungua. Moja nisilogusa, zima. Kumbe uchafu ndio uliolinda? Nimecheka peke yangu nikiosha vyombo, kisha nikaacha kucheka.

Jumanne, 20 Agosti
Virgil ameenda mjini kutafuta mkanda wa pampu. Nimekata ukanda wa kidole kimoja kutoka blanketi la Tressa na mwingine kutoka masalia ya Conrad, sehemu ambayo haikuungua. Nimewasha mshumaa juu ya sinki.

Wa Tressa: umegeuka mweusi, umejikunja, basi. Nimeondoa mshumaa, na moto umeondoka nao.

Wa Conrad: mwali mdogo wa manjano ukatambaa ukingoni, ukaendelea baada ya mimi kuondoa mshumaa, bila haraka, unatoa harufu ya mafuta ya nguruwe. Naijua harufu hiyo kuliko ninavyojua sauti yangu.

Nimekaa sakafuni. Conrad alipima gramu nne.

Jumatano, 21 Agosti
Lakini sabuni ni ile ile. Miaka miwili nimeosha nayo na hakuna kilichoungua. Basi si sabuni. Au si sabuni peke yake. Ninajitetea au ninauliza? Sijui. Yote mawili.

Jumamosi, 24 Agosti
Mawingu magharibi. Yamepita.

Jumanne, 27 Agosti
MVUA. Imeanza saa kumi alfajiri na mpaka sasa haijapumzika. Virgil amesimama kibarazani na nguo ya kulalia akiitazama kama mtoto. Tangi limejaa nusu.

Jumatano, 28 Agosti
Nimeosha vitambaa vya jikoni kwa maji ya tangi na sabuni ikafura povu zito kama krimu, nikasimama na mikono ndani ya beseni nikilitazama. Julai yote sikuona povu hili. Nikakata kanda mbili tena kutoka kwa Tressa maskini (blanketi lake linazidi kupungua). Mmoja nikauosha kwa maji ya mvua, mmoja kwa maji ya kisima, sabuni ile ile, mara tatu tatu. Nikazikausha juu ya jiko.

Wa mvua haukuwaka. Wa kisima umewaka.

Nimeitazama birika. Ndani ina magamba meupe ya kisima chetu, ninayabandua kila Krismasi kwa siki. Maji yetu ni magumu, na ukame umeyafanya magumu zaidi. Sabuni ya mafuta ikikutana na maji hayo haitoi povu, inaganda. Ule weupe kwenye mishono haukuwa vumbi. Kadiri nilivyoongeza sabuni ndivyo nilivyozidi kupaka mafuta kwenye kitambaa cha kuzuia moto. Nimewasugulia utambi, mara tatu, kwa bidii.

Nimefurahi sana kujua. Ni aibu kuandika, lakini furaha ilikuja kwanza, kwa dakika nzima, kabla sijakumbuka Conrad.

Jumapili, 1 Septemba
Sikusema. Conrad hakuja kanisani.

Jumanne, 3 Septemba
Nimeyaloweka mablanketi yote kwenye siki na maji ya mvua, kisha sabuni ya maji ya dukani, kijiko kimoja. Nimejaribu ukingo wa kila moja kwenye mshumaa. Hakuna linalowaka. Sasa wote wako salama na hakuna anayehitaji kujua. Nimeandika sentensi hiyo na sasa ninaitazama.

Jumamosi, 7 Septemba
Shamba ni tope, hakuna kurusha. Afadhali.

Jumamosi, 14 Septemba
Conrad amekuja asubuhi na sanduku. Virgil alikuwa kwenye ghala, kwa hiyo nimempokea mimi. Ndani ya sanduku: mizani yake, vifuko vya baruti vitupu, kitabu cha klabu, fulana yenye jina lake mgongoni.

"Mpe Virgil. Wenye kujifunza watavitumia."

"Na Hulda?"

"Nimemtengeneza upya. Kazi bure. Mikono ilikuwa imezoea, ikatengeneza tu." Akacheka kidogo. "Unajua nimeipima mizani hii kwa sarafu mpya, mara kumi na tisa? Iko sawa. Basi tatizo ni macho yangu, au kichwa. Dukani nimeanza kumpa kijana mwingine kazi ya kuandika vipimo vya matairi. Sijiamini tena, Dada. Ningekuua."

Nilikuwa na neno mdomoni. Nilimpa mikate mitano ya zwieback kwenye mfuko wa karatasi. Ndivyo nilivyofanya. Mtu amesimama mlangoni kwangu anaamini kwamba akili yake inamwacha, na mimi nikampa mikate.

Jumapili, 15 Septemba
Mficha uchi hazai. Mama alikuwa na njia yake ya kusema hilo, kali zaidi. Nimemwambia Virgil baada ya chakula. Nimemwonyesha kanda, mshumaa, birika. Alitazama ule mwali wa manjano muda mrefu.

"Sabuni ya Mama," akasema.

"Na kisima cha Baba. Na mkono wangu."

"Sawa. Nitampigia Conrad simu. Nitasema nimefikiria upya, arudi. Watahini nitawaandikia waje. Yamekwisha."

"Utamwambia kwa nini?"

"Kuna haja gani? Watu watacheka. Watasema akina Schrag karibu wachome kata nzima kwa usafi."

"Si kweli?"

"Lorena!"

"Ulimhukumu kwa kipaza sauti, Virgil. Utamsafisha kwa simu?"

Ameondoka na kofia yake. Amerudi jioni, akala viazi, kisha akasema, "Jumamosi, bandani. Utasema wewe, maana mimi nitaharibu." Nimempenda kaka yangu leo kuliko nilivyompenda mwaka mzima.

Alhamisi, 19 Septemba
Silali vizuri. Nimepiga pasi mapazia ambayo hayahitaji pasi.

Jumamosi, 21 Septemba
Walikuja kumi na saba. Conrad alikuja kwa sababu Virgil alimwendea mwenyewe. Nimesimama kati ya trekta na kamba ya kuanikia, mshumaa juu ya debe la mafuta ya breki. (Tressa akalihamisha debe. Hata katika kuungama nakaribia kuwachoma.)

Sikuhutubia. Nimewasha ukanda wa kwanza, ukazimika, nikawasha wa pili, ukaendelea kuwaka, nikasema, "Huu niliuosha mimi. Ndio uliokuwa ndani ya Hulda. Conrad alipima gramu nne, na zilikuwa nne. Nimelijua tangu Agosti ishirini na nane, na Jumamosi iliyopita alikuja mlangoni kwangu sikumwambia. Nisameheni. Conrad, nisamehe."

Virgil akavua kofia. "Nami nilisema mbele yenu nisichokijua. Nimekosa."

Tressa akasema, "Kwa hiyo mimi peke yangu, mchafu, ndiye niliyefuata usalama?" Wengine wakacheka. Conrad hakucheka.

"Wiki tatu," akasema. "Ulijua wiki tatu."

"Ndiyo."

"Nilienda kwa daktari wa macho, Dada. Nilienda kwa daktari wa kichwa. Mke wangu alificha funguo za gari." Hakupaza sauti hata kidogo, na ingekuwa heri angepaza. Ameondoka. Amechukua mizani yake.

Nilitaka nisamehewe pale pale, bandani, mbele ya watu, ili niende nikale. Sasa naona ni jambo kubwa kuomba.

Jumatano, 25 Septemba
Mvua nyepesi. Watahini wamejibu: watakuja tarehe tano. Conrad hajajibu.

Jumatatu, 30 Septemba
Kimya.

Alhamisi, 3 Oktoba
Conrad ameingia jikoni bila kubisha hodi. Ameweka blanketi jipya mezani, bado lina mikunjo ya dukani.

"Lina dawa za kiwandani. Linahitaji kuoshwa mara moja kabla ya kutumika."

"Unaweza kuosha mwenyewe. Maji ya mvua, kijiko kimoja cha..."

"Najua ninaweza." Akavuta kiti, hakukaa. "Bado nimekukasirikia. Mke wangu zaidi, usimsogelee kanisani. Lakini nimefikiri. Watu ishirini na wawili tuliyaona mablanketi yale yana weupe, tukasema, aa, Dada Lorena ameosha, safi. Hakuna aliyeuliza. Wewe ndiye uliyeuliza, na jibu likakuangukia kichwani. Nani mwingine nimpe?"

Nikalikunjua blanketi. Akafika mlangoni, akageuka. "Na kuna fomu. Watahini wanataka jina la aliyetayarisha kinga ya moto. Nimeandika lako. Tukianguka, tunaanguka pamoja."

Jumamosi, 5 Oktoba
Upepo maili sita kwa saa, mbingu safi. Watahini ni mume na mke, wamesafiri maili mia mbili, wanakula sana na hawasemi. Mke akasoma fomu, akauliza, "Lorena Schrag ni nani?" Nikainua mkono kama mwanafunzi.

Virgil alihesabu kuanzia tano. Hulda akaondoka. Nilimfuata kwa macho mpaka akawa sindano, mpaka hakuna. Moshi mdogo. Nikahesabu. Pu. Hakuna kitu. Mke wa Conrad, aliyekuwa upande wa pili wa meza akinipuuza tangu asubuhi, akanishika mkono akanikamua vidole. Moja. Mbili. Na hapo juu kabisa likafunguka ua jekundu, dogo, likatulia, likaanza kushuka polepole kana kwamba lina siku nzima.

Watu walipiga kelele. Conrad hakupiga. Alikaa chini kwenye mabua.

Tulitembea robo maili kumfuata Hulda, Conrad mbele, watahini, Virgil, mimi. Wakakagua, wakapima, wakasaini. Conrad akalifungua blanketi kutoka kwenye kamba, likinuka mayai viza, akanipa. Nimeliinua kwa mikono miwili nikatazama mbingu kupitia kwake, pembe hadi pembe. Hakuna tundu hata moja la mwanga.

"Dada," akasema Conrad, kwa ile sauti yake kubwa, ya ndani ya trekta, ambayo sijaisikia tangu Agosti, "usilie juu yake. Machozi ni maji magumu."

Nimelia hivyo hivyo.